Ziada ya biashara haiamui bei ya sarafu

Nimeisikia tena hoja ile, safari hii kwa mfano wa Brazili: nchi inauza nje kuliko inavyonunua, kwa hiyo sarafu yake lazima ipande. Hapa Lubumbashi, Kongo, ambapo malori ya shaba hayakatiki katika barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hoja hiyo inapokelewa haraka mno.

Urari wa biashara ni thamani ya bidhaa zilizouzwa nje ukitoa thamani ya bidhaa zilizoagizwa. Kikibaki kitu ni ziada, ikipungua ni nakisi. Basi.

Kinachonikera ni kuuchukua urari huo kuwa hesabu ya fedha zote za nchi. Brazili inauza soya, madini ya chuma na mafuta, na mwaka 2023 ziada yake ya bidhaa ilikaribia dola bilioni 99. Lakini nchi hailipi wala kulipwa kwa bidhaa peke yake. Kuna nauli za meli za kigeni zinazobeba hiyo soya, kuna Wabrazili wanaokwenda kutalii nje, kuna riba za madeni, na zaidi ya yote kuna faida ambayo kampuni za kigeni zinawapelekea wenye hisa kwao. Hayo yote hayamo katika urari wa biashara. Yamo katika hesabu pana zaidi, urari wa malipo ya kawaida, na huko Brazili imekuwa na nakisi kila mwaka tangu 2008. Ziada huku, nakisi kule, mwaka huohuo, na wala hakuna aliyekosea kujumlisha.

Sisi wa Katanga ndio tungelielewa jambo hili mapema. Tani ya shaba ikishavuka mpaka huandikwa nzima kuwa mauzo ya Kongo, ilhali sehemu ya fedha zake ni faida ya wenye mgodi, nao wanaishi mbali.

Na hapo bado hatujafika kwenye sarafu. Bei ya real, sarafu ya Brazili, kama ya feranka yetu mezani kwa kambisti anayebadilisha fedha, inategemea nani anaitaka leo na nani anataka kuitoa, na kati yao wamo wawekezaji wasiowahi kugusa gunia la soya. Mwaka 2024 Brazili ilipata ziada ya zaidi ya dola bilioni 70, lakini kufikia Desemba real ilikuwa imeshuka, dola moja ikivuka real 6, kwa kuwa wenye fedha waliingiwa na hofu juu ya matumizi ya serikali. Mwaka 2025 ziada ikapungua, real ikapanda. Benki kuu ilikuwa imefikisha riba asilimia 15, riba inayowavuta wawekezaji kuitaka real, na dola yenyewe ilikuwa imedhoofika duniani.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukisikia nchi ina ziada ya biashara, sema tu kwamba imeuza bidhaa nyingi kuliko ilizonunua. Ukitaka kuongea habari za sarafu, uliza kwanza faida inakwenda wapi na riba imefika ngapi.