Baada ya stenti, nioneshe daftari la sukari

Mgonjwa wa kisukari akishawekewa stenti, ule wavu mdogo wa chuma unaouacha wazi mshipa wa moyo uliozibuliwa, ndugu zake huniletea majibu ya HbA1c, kile kipimo cha miezi mitatu, na kuuliza kama ni mazuri. Mimi huomba na daftari la vipimo vya kila siku.

HbA1c ni wastani wa sukari ya miezi hiyo. Watu wawili wanaweza kupata asilimia 7 ileile: mmoja sukari yake inakaa kati ya 7 na 10 (mmol/L), mwenzake anaamka na 3.4, anakunywa chai na chapati mbili, saa nne asubuhi yuko 15. Majibu yao ya maabara yanafanana, lakini huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi.

Puto linalopanua stenti huuumiza ukuta wa mshipa, na ngozi laini ya ndani huhitaji miezi kadhaa kuota upya juu ya ule wavu wa chuma. Sukari ikipanda na kuporomoka, ngozi hiyo huchelewa kupona na chembe zinazogandisha damu huwa na pupa ya kushikana. Tafiti za waliozibuliwa mishipa ya moyo zimekuta kwamba wenye sukari inayoyumba sana hupatwa zaidi na mshtuko wa moyo na vifo. Huo ni uhusiano tu, haujathibitisha kwamba kuyumba kwenyewe ndiko kunakosababisha. HEART2D, utafiti wa mwaka 2009 uliolenga kupunguza sukari ya baada ya kula kwa watu waliotoka kupata mshtuko wa moyo, haukuwapunguzia matatizo ya moyo.

Kwa hiyo siwasukumi wagonjwa kuibana sukari kupita kiasi. Mwaka 2008 utafiti wa ACCORD ulisitisha matibabu ya kushusha HbA1c chini ya asilimia 6 kwa sababu vifo viliongezeka. Na sukari ikishuka, mwili humwaga adrenalini, mapigo huenda mbio na yanaweza kuvurugika, kwenye moyo ambao tayari una jeraha.

Hapa kuna jambo ambalo natamani kila familia ilijue. Wengi wanaowekewa stenti hupewa pia bisoprololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, au dawa za jamii yake. Dawa hizi huficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, zile dalili ambazo mgonjwa alishazizoea. Jasho halifichiki. Mgonjwa akilowa jasho ghafla, mpimeni hapohapo. Akiwa chini ya 3.9 na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Jasho likija na maumivu ya kifua, hospitali mara moja.

Anayetumia insulini au glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, asiruke mlo. Apime kabla ya kula, saa mbili baada ya kula na kabla ya kulala, aandike namba na alichokula. Sukari ikishuka zaidi ya mara moja kwa wiki, msingoje tarehe ya kliniki. Mara nyingi ni dozi inayotakiwa kupunguzwa, na hiyo ni kazi yetu. Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande kwenye stenti, aendelee kuzinywa bila kuziacha wala kuzipunguza.