Tutu ya baleti si gauni tu: ilikotoka na kwa nini tunaikagua kabla haijapanda stegi

Tangu tutoe ile notisi kwamba kila tutu (ile sketi ya neti ya wachezaji wa baleti) itakayopanda stegi yetu msimu huu lazima iwe na lebo ya dawa ya kuzuia moto, simu hazijapoa. Wengi wanauliza kwa nia njema na tunawashukuru, lakini kuna swali moja nimelisikia mpaka nikaona bora niandike: si ni neti tu imeshonwa, sheria ya nini? Mimi niko stoo ya mavazi miaka mingi sasa, nashona, nakagua, natia dawa, na jibu la hilo swali liko ndani ya historia ya hiyo nguo yenyewe, kwa hiyo naomba uvumilivu kidogo.

Kwanza tuelewane, tutu haikutengenezwa ili msichana afanane na malkia. Ni nguo ya kazi. Wanawake walianza kucheza baleti kama kazi pale Opera ya Paris mwaka 1681, na walicheza na magauni mazito ya ikulu yanayoburuta chini, viatu vya kisigino, kiuno kimebanwa. Mguu ulikuwa unafanya kazi yote na hakuna aliyeuona. Miaka ya 1730 huko mchezaji Marie Camargo akapandisha pindo mpaka juu kidogo ya kifundo cha mguu ili watu waone anavyoruka na kugonganisha miguu hewani, na hizo inchi chache tu za kitambaa zikaleta maneno mji mzima. Mwenzake Marie Sallé naye mwaka 1734 alicheza London na gauni jepesi la melimeli, nywele zimeachiwa. Ukiniuliza mimi, hao wawili ndio walifungua mlango.

Ile tutu yenyewe tunaihesabu kuanzia tarehe 12 Machi 1832, Paris, Marie Taglioni akicheza La Sylphide, baleti iliyotungwa na baba yake Filippo. Alikuwa ni pepo wa msituni, kwa hiyo alitakiwa aonekane kama hana uzito, na sketi nyeupe iliyofunguka kama kengele mpaka katikati ya muundi ikamfanyia hiyo kazi. Zilikuwa tabaka juu ya tabaka za melimeli na talatani, hiyo talatani ni pamba iliyofumwa wazi wazi alafu ikapigwa wanga ikasimama. Taa zilikuwa za gesi, na mwanga wa gesi ukipita kwenye tabaka nyeupe vile unafanya kitu kama ukungu. Mwaka 1841 baleti ya Giselle ikaja na kundi zima la wasichana waliovaa hivyo hivyo, na kuanzia hapo kila stegi ya Ulaya ikataka ukungu wake.

Sasa hapa ndio nataka tukae. Chukua pamba nyembamba, ipange tabaka nyingi zenye hewa katikati, alafu mpitishe aliyeivaa karibu na moto usiofunikwa. Anayejua neti ya mbu inavyoshika moto mshumaa ukiiangukia hahitaji kuelezwa zaidi. Mchezaji Clara Webster alishika moto stegini ukumbi wa Drury Lane, London, Desemba 1844, watu wakiangalia, akafariki baada ya siku chache. Mwaka 1861 pale Philadelphia moto ulianzia kwenye vazi la mchezaji mmoja chumba cha kubadilishia nguo, wenzake wakakimbia kumsaidia, nao wakashika, na wasichana si chini ya sita wakafa, wengine ni ndugu wa tumbo moja. Hiyo ya kukimbia kusaidia na wewe umevaa neti tunaisema kila mafunzo na bado watu hawaisikii.

Na yuko Emma Livry. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Taglioni mwenyewe, Taglioni alimtungia baleti nzima mwaka 1860, Le Papillon, yaani Kipepeo. Ufaransa ilikuwa tayari na amri tangu 1859 ya kutia mavazi ya stegi dawa ya kuzuia moto, njia ya bwana mmoja anaitwa Carteron. Dawa ilifanya kazi lakini ilikakamaza kitambaa na kuua weupe wake, na wachezaji wengi hawakuitaka. Livry akaandika barua kabisa kwamba atacheza na sketi zake za kawaida. Novemba 15 mwaka 1862 kwenye mazoezi, akiwa pembeni anasubiri zamu yake, alitikisa sketi kuifungua vizuri, ikagusa taa ya gesi. Aliishi miezi minane na yale majeraha, akafariki Julai 1863 akiwa na miaka 20. Mabaki ya vazi lake yaliyoungua yapo mpaka leo kwenye makumbusho ya Opera ya Paris.

Kwa hiyo mzazi anaponiambia dawa inaharibu neti, inakakamaa, haikai nyeupe kwenye picha, mimi simwoni kama mkorofi. Ila namsikia akisema neno kwa neno kile alichosema msichana mwenye kipaji kuliko sisi sote, na najua kilichomfuata. Dawa za leo hazikakamazi vile. Na hata zingekakamaza, jibu lingebaki hilo hilo.

Ufupi wa tutu ulikuja baadaye, na hapa kuna imani nyingine imeshika sana, eti tutu fupi ni ya Warusi. Stegi ilikuwa ya Urusi ni kweli, lakini waliofupisha ni Wataliano. Virginia Zucchi alifika St. Petersburg 1885 akakataa sketi ndefu waliyompa, na Pierina Legnani mwaka 1893 akaonyesha mizunguko 32 mfululizo kwa mguu mmoja, akairudia kwenye baleti ya Swan Lake 1895, na huwezi kuzunguka hivyo huku kitambaa kinakufunga magoti. Sketi ikapanda mpaka juu ya goti, baadaye ikalala sambamba na nyonga kama chapati, wakaitia pete ya waya ndani isilegee. Jina tutu lenyewe ni la Kifaransa, linasemwa limetoka kwenye neno la kitoto la makalio, na halina uhusiano wowote na marehemu Askofu Tutu (naulizwa hili kila mwaka).

Alafu Barbara Karinska, mshonaji aliyezaliwa Kharkiv, akifanya kazi na mtunzi wa baleti George Balanchine New York, mwaka 1950 akaitoa ile pete ya waya na kupunguza tabaka, sketi ikawa laini inayoshuka kidogo na wachezaji wengi wanaweza kusimama karibu bila kugongana. Tutu nyingi za watoto mnazonunua zimefuata hiyo, ila kwa neti ya nailoni, na hapo ndio nasikia "nailoni haiungui". Jamani. Nailoni inayeyuka, inadondoka matone ya moto, na tone likigusa ngozi linaganda hapo hapo. Tafadhali tusiambiane haya mambo kwenye magrupu ya wazazi.

Utaratibu ni huu. Fundi akimaliza kushona aache kipande cha kila kitambaa alichotumia, cha ukubwa wa kiganja, kwa sababu tunajaribu moto kwenye kipande na sio kwenye nguo, na tunajaribu sisi, nje, ndoo ya maji iko pembeni. Msijaribu nyumbani. Vipande viambatane na fomu ya bluu na risiti ya kitambaa, fomu moja kwa kila vazi, sio fomu moja kwa darasa zima. Ikipita tunashona lebo ndani ya ukanda wa kiuno yenye tarehe. Isipopita tunaitia dawa, inakauka siku moja, tunarudia. Dawa hii ni chumvi chumvi, inaondoka na maji, kwa hiyo tutu ikifuliwa lebo yake imekufa hata kama bado imeshonwa pale, inarudi upya. Harufu ya jasho ipulizie spiriti nyepesi kwa ndani, kwenye bodisi (sehemu ya juu inayobana kifua) na chupi yake tu, uache ikauke kabisa mbali na jiko. Ihifadhi ikiwa imening'inizwa juu chini ili tabaka zisilale.

Vazi lisilo na lebo halipandi stegi, hata kama mtoto ndiye mhusika mkuu na bibi ametoka mbali kuja kumwona. Lebo iliyohamishwa kutoka vazi lingine tunaijua, depositi yote inabaki kwetu na darasa linakaguliwa upya lote. Haya yanahusu stegi yetu, kumbi zingine zina taratibu zao na hatuwezi kuzisemea. Mishumaa ya kweli hairuhusiwi popote nyuma ya stegi, hata ile midogo ya keki.

Ukaguzi ni Jumanne na Alhamisi, saa tatu mpaka saa sita, mlango wa nyuma upande wa stoo. Mtoto si lazima aje, leteni nguo.