Trauti hawakimbilii kilindini vuli inapoingia

Wavuvi wengi wa maziwa madogo ya Milima ya Rocky, Marekani, huamini kwamba vuli, yaani majira ya kabla ya baridi, majani yakianza kupukutika, trauti (samaki wa maji baridi) huzama kilindini. Hivyo hurusha mshipi mbali, katikati ya ziwa. Mara nyingi huwa kinyume. Maji ya juu yakipoa hadi nyuzi 10 hivi za Selsiasi, trauti husogea ukingoni kula, kwenye kina cha mita 1 au 2. Anayeingia majini hadi magotini huwatimua kabla hajarusha.

Jipimie: funga kipimajoto kwenye uzi, kiache majini dakika 2. Kisha pindua jiwe la ukingoni. Ukiona vijidudu vya kijivu vilivyojikunja kama uduvi, funga chambo bandia cha umbo hilo, ndoano ndogo, namba 14, ukivute polepole, sentimita 10 kwa mara.