Supu ya mboga ya haraka: nyanya zisubiri zamu yao

Hapa Dar ukisema supu, mtu anaona kongoro au mbuzi, na chapati pembeni. Shangazi yangu wa Magomeni, siku nilipomwekea supu ya mboga kwa mara ya kwanza, aliikoroga na kijiko, akatafuta weee, kisha akaniuliza: "Mwanangu, nyama imezama?"

Nimepika kwenye hoteli na kwenye shughuli kwa miaka mingi, na swali lile halikunichekesha. Shangazi aliukosa ule utamu unaobaki mdomoni ukishameza. Mjapani Kikunae Ikeda aliuchunguza mwaka 1908 kwenye mchuzi wa mwani, akakuta chanzo chake ni glutameti. Nyanya iliyoiva inayo, na jibini iliyokaa muda mrefu inayo nyingi zaidi. Ndiyo maana supu hii siipakui bila slesi za mkate zenye jibini juu.

Kwa watu wanne: vitunguu maji viwili vya Singida, karoti tatu, viazi mviringo vitatu, robo ya kabichi ndogo, nyanya nne zinazobonyea, punje tatu za kitunguu saumu, fungu la mchicha. Haraka yake iko kwenye kisu. Kiazi cha vipande vya sentimita 1 huiva kwa dakika 10 hivi. Ukikikata vinne kama cha mchuzi, utasimama jikoni mpaka uchoke. Wakati unakata, birika la umeme lichemshe maji lita moja na robo.

Kaanga kitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta na utie kijiko cha chai cha chumvi hapo hapo. Chumvi huvuta maji ya kitunguu, kikalainika bila kuungua. Saumu, karoti, viazi, maji ya moto. Funika.

Hapa ndipo tunapogombana na wanafunzi wangu. Mkono uliofunzwa kupika pwani hii unajua kitunguu, halafu nyanya. Kwenye mchuzi sawa, ila si kwenye supu hii. Kiazi na karoti hushikana kwa gundi iitwayo pektini, na uchachu wa nyanya huifanya gundi hiyo ichelewe kuachia. Niliwahi kuumbuka kwenye hoteli moja mjini: wageni wameshakaa, sufuria imetokota dakika 25, viazi bado kau kau kama embe bichi. Mpishi mkuu alichota kipande kimoja, akakitafuna polepole mbele yangu, asiseme neno.

Tangu siku ile nabonyeza kiazi kwa mgongo wa kijiko ubavuni mwa sufuria. Kikipondeka, ndipo nyanya zilizokwanguliwa zinaingia pamoja na kabichi, dakika tano tu. Kabichi ikizidi hapo inatoa ile harufu ya salfa mpaka jirani ajue umepika nini. Mchicha uingie moto ukishazimwa.

Sasa slesi. Chizi, kama wengi tunavyoiita, iwe ya kuyeyuka. Paniri ya maduka ya Kisutu hapa haifai: maziwa yake yamegandishwa kwa ndimu au siki, na ukiichoma inakauka tu. Mozarela inavutika vizuri lakini ni pole mno, kwa hiyo naichanganya nusu kwa nusu na cheda.

Mwenye oveni awashe moto wa juu. Asiye nayo, bibi zetu walishammalizia kazi: apalie. Kausha upande mmoja wa slesi kwenye kikaango kikavu, geuza, panga jibini juu ya ule upande uliokauka, funika kwa mfuniko wa bati na uweke makaa juu yake, kama unavyopalia mkate wa kumimina. Jibini itatokota na kutoka madoa ya kahawia. Kwa jiko la gesi itayeyuka bila madoa. Acha mwanya mvuke utoke, la sivyo mkate unalowa. Wafaransa huiweka slesi juu kabisa ya supu yao ya vitunguu, bakuli zima likaingia kwenye oveni. Kwa mikate yetu laini ya dukani utapata uji.

Ndimu na pilipili mbuzi vikae mezani, kila mtu ajikamulie. Ukikamulia sufuriani, uchachu unaunyang'anya mchicha magnesiamu iliyo ndani ya ukijani wake, na kabla hujapakua bakuli la mwisho umeshageuka rangi ya khaki.