Je, Wajua Kwa Nini Aneurisimu Kubwa ya Ubongo Huendelea Kupigwa Picha Hata Baada ya Kuzibwa?

Aneurisimu ni sehemu ya ateri iliyotuna kama puto kwa sababu ukuta wake umedhoofika. Ikifika milimita 10 huhesabiwa kubwa. Ikifika 25, kubwa mno. Ikishazibwa, picha za nini tena?

Sababu imo ndani ya puto lenyewe. Koili za platinamu (nyuzi laini zilizojikunja zinazoingizwa ndani ya puto ili kuliziba), hata zikishindiliwa vizuri, kwa kawaida hujaza robo hadi theluthi tu ya nafasi. Kwingine kote ni damu iliyoganda. Kila pigo la moyo husukuma mzigo huo, koili huzama ndani ya bonge la damu, na shingo ya puto, yaani mahali linapoungana na ateri, hufunguka tena. Shingo ikiwa pana, hatari huongezeka. Mara nyingi mgonjwa hahisi lolote, kwa hiyo kungoja dalili ni kosa kubwa.

Ratiba hutofautiana, ila picha ya kwanza huwa kati ya miezi 3 na 6, kisha mwaka, kisha miaka 2, na kuendelea.

Aina ya kipimo huamuliwa na kilichowekwa kichwani. Platinamu haiisumbui sana MRI (picha za sumaku), lakini kwenye CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) hutoa miale inayofunika kila kitu. Klipu ya titani, kibanio kinachofunga shingo ya puto kwa nje, ni kinyume: MRI huacha doa jeusi palepale shingoni, hivyo CT ya mishipa hufaa zaidi. Klipu za zamani za chuma chenye kuvutwa na sumaku zinaweza kusogea ndani ya MRI na kuua. Aina ya klipu isipojulikana, mgonjwa haingizwi. Tunza kadi ya kifaa chako.

Angiografia ya katheta, yaani picha ya mishipa inayopigwa kwa mrija mwembamba unaopitia kinena au kifundo cha mkono, ndiyo huonyesha mabaki madogo kabisa. Ina hatari ndogo ya kiharusi, na figo hupimwa kwanza kwa sababu ya dawa yenye ayodini inayodungwa ili mishipa ionekane.

Stenti ya kugeuza mkondo wa damu, kijibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya ateri, huziba puto polepole. Damu ikionekana bado inaingia miezi 6 baadaye, tiba haijashindwa. Usiache aspirini wala klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, bila daktari: stenti huweza kuzibwa na damu iliyoganda.

Angiografia huonyesha damu inayotembea tu. Puto lililojaa damu iliyoganda laweza kuendelea kukua na kubana ubongo huku angiografia ikionekana safi, kwa hiyo MRI ya kawaida hupima ukubwa wake wote. Picha mpya ilinganishwe na ile ya siku ya tiba, si ya mwisho pekee, maana badiliko dogo la kila mwaka hupita bila kuonekana.