Deni la saumu: lihesabuni kabla mwezi haujaandama

Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ikiingia, dawati letu la maswali ya dini hubadilika. Mwaka mzima ni mirathi na talaka. Mwezi huu ni deni la saumu, yaani siku za Ramadhani ambazo mtu hakufunga na anapaswa kuzilipa, na wengi wanaokuja ni akina mama. Mwaka huu wameongezeka pia wanaolalamika kwamba walituma kwa simu pesa za fidia, yaani chakula cha kuwapa masikini, wakaambiwa deni limekwisha. Halijaisha. Ndiyo sababu ya maelezo haya. Nayatoa kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu huku pwani tunayafuata. Mwenye madhehebu mengine awaulize masheikhe wake, maana zipo tofauti: kwa Hanafi, aliyechelewesha deni hulipa siku zake bila fidia.

Fidia si bei ya kununulia saumu. Tunalisema hili kila mwaka na kila mwaka linarudi. Mwenye uwezo wa kufunga hatoi mchele kisha akakaa. Anayetoa fidia badala ya kufunga ni mzee ambaye saumu imemshinda, na mgonjwa ambaye haitarajiwi apone. Hapo neno la daktari linasikilizwa. Hao hutoa kibaba kimoja kwa kila siku. Wapo vijana wanaokuja Shaabani kumtolea bibi yao fidia ya mwezi mzima ili wapumue. Nia yao ni njema, lakini fidia ya siku haitolewi kabla siku yenyewe haijafika. Toeni siku kwa siku baada ya alfajiri kuingia, au ngojeni mwezi uishe mtoe yote kwa pamoja.

Kibaba chenyewe vijana wanakijua kwenye methali tu. Hapa mezani tuna kimoja cha bati, kimebonyea ubavuni. Mtu akiuliza, nakijaza mchele, napitisha kijiti juu mpaka ulingane na ukingo, kisha namwambia akinge viganja viwili vilivyounganishwa nimmiminie. Kwa mtu wa wastani huenea humo. Vibaba 4 ni pishi 1, na pishi tunaihesabu kilo mbili na nusu, hivyo kibaba ni gramu 600 na ushei. Kinatolewa chakula kikuu cha mji. Kwetu ni mchele.

Juzi alikuja dada mmoja, mfanyabiashara wa sokoni, na daftari la shule la mwanawe. "Shikamoo mwalimu. Nimeandika zote, ila naona haya kuzisoma." Nikazisoma mimi. Ramadhani tatu, siku 7 za hedhi kila moja, hakulipa hata siku. Hakuwa mgonjwa, hakuwa mjamzito, hakuwa safarini. Deni likipitiwa na Ramadhani nyingine bila udhuru, kila siku huongezeka kibaba kwa kila Ramadhani iliyopita. Basi hesabu yake ni hii. Siku za kufunga ni 21. Zile 7 za kwanza zimepitiwa na Ramadhani mbili, kwa hiyo kila siku ina vibaba 2: jumla 14. Zile 7 za pili zimepitiwa na Ramadhani moja: vibaba 7. Za mwaka jana bado zimo ndani ya muda wake, hazina fidia. Vibaba 21, yaani pishi 5 na kibaba 1, kilo 13 hivi za mchele.

Akasema hakujua kama kuna fidia. Nilimuuliza: ulijua kwamba haifai kuchelewesha? Alijua. Basi hapo udhuru hana. Asiyejua kabisa kwamba kuchelewesha ni haramu ndiye anayesamehewa fidia, na siku zake analipa vilevile.

Alikuwa anaanza tarehe 7 Shaabani. Mwezi ukiwa wa siku 29 anapata siku 23. Toa 7 za hedhi, zinabaki 16. Siku 5 zitavuka, na kila moja itaongezeka kibaba. Ndiyo maana nawasihi dada zangu, anzeni Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Si lazima zifuatane. Jumatatu na Alhamisi zinatosha kuimaliza wiki moja ya deni kabla ya Mfunguo Pili kwisha. Anayengoja siku fupi angoje Ulaya; kwetu huku saumu ni saa 13 na ushei, iwe Juni au Desemba. Na huo uvumi kwamba baada ya nisfu Shaabani, yaani katikati ya mwezi, haifai kufunga hauhusu deni. Unahusu sunna. Bi Aisha mwenyewe, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, deni lake alikuwa akililipa Shaabani.

Mjamzito na anayenyonyesha, akiacha kufunga kwa kujihofia mwenyewe, analipa siku tu. Akihofia mtoto peke yake, analipa siku na kibaba kwa kila siku. Naomba pia majirani waache kumhoji mwanamke aliyeonekana anakunywa maji uani. Mwenye hedhi akifunga anapata dhambi. Huyo binti mnayemfanya ajifiche chooni na kipande cha mkate hana kosa lolote.

Kafara, malipo ya kosa zito katika saumu, ni jambo jingine, na watu wanalichanganya na fidia. Kwa Shafi humlazimu mume aliyemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani kwa makusudi, hali yuko katika saumu. Aliyekula makusudi ana dhambi, atubu na alipe siku yake, lakini kafara hana. Kwa kuwa leo hakuna mtumwa wa kuacha huru, kafara ni kufunga miezi miwili mfululizo, juu ya ile siku iliyoharibika. Ukila siku ya 59 bila udhuru, unaanza moja. Usianze Mfunguo Pili, kwa sababu Idi ya Mfunguo Tatu itakukata njiani. Anza tarehe 14 Mfunguo Tatu, siku za tashriki, yaani siku tatu zinazofuata Idi hiyo, zikishapita. Asiyeweza kabisa awalishe masikini 60, kibaba kila mmoja: pishi 15. Masikini mmoja mara 60 haikubaliki.

Kupima sukari kidoleni hakufunguzi, wala sindano isiyo ya lishe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililipitisha hilo Jeddah mwaka 1997. Msiache kupima.

Sasa hao wa simu. Fidia ni ya mafakiri na masikini. Haiezekei msikiti, hainunui mazulia, haifuturishi matajiri. Ukituma pesa, mwambie unayemtumia kwamba ni wakala wako wa kununua mchele, mtajie idadi ya vibaba, kisha muulize ameuweka mikononi mwa nani. Akikujibu kwamba ameshakufutia deni, dai pesa zako, ununue mchele mwenyewe. Masikini hawako mbali na mlango wako.