Kizimkazi: uliza mwezi ngapi kabla ya kupanda gari

Watu wa Mjini wanaotaka kwenda Kizimkazi na kurudi siku hiyo hiyo huniuliza nauli na pomboo. Mimi kwanza huwauliza: siku hiyo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama? Natembeza wageni kusini ya Unguja, na huku ratiba huipanga maji.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, yaani maji makubwa. Tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hufika kiasi cha mita 4. Kwetu bamvua hupwa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Ukifika saa 3, basi, utakuta ngalawa zimelala mchangani na kina mama wako mwambani, kila mmoja na kijiti chake, wanachokoa mashimo ya pweza. Nenda karibu na mwezi 8 au 23, maji yakiwa mafu, yaani tofauti hiyo ikiwa ndogo, na saa hizo hizo bahari imejaa, mwamba huuoni. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukijua ya leo unajipigia hesabu ya wiki nzima.

Upepo nao usiusahau. Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, ncha hii ya kisiwa huchafuka, na samaki huadimika.

Vyombo vikirudi, simama pembeni ya mnada. Changu huuzwa kwa mtungo, kamba imepitishwa mashavuni. Mnadi anaunyanyua juu maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, anataja bei, mchuuzi anajibu kwa kidevu tu. Wakishamaliza, ndipo uulize bei ya mtungo wako. Picha ombeni kwanza, jamani.

Kizimkazi Dimbani kuna msikiti ambao kibla yake ina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jengo lenyewe kwa sehemu kubwa ni la karne ya 18. Bado unasaliwa, kwa hiyo vaa vya kusitiri na usiingie wakati wa sala.

Pomboo wapo, lakini sipendi wanavyofukuzwa. Ukiona mashua zimelizingira kundi moja, mwambie nahodha azime mashine mbali kidogo, wala usiruke majini. Wakitaka, watakuja wenyewe; wasipotaka, mrudi pwani mkale.